Ukikataa je? Chokaa, simu na falsafa huku Lamu

Mwaka huu nimefanya kibarua ambacho kila nikimueleza mtu ananiuliza mara mbili. Kulikuja wanafunzi watatu wa uzamili kutoka chuo kimoja cha bara, jina la chuo tuliache, wote mradi wao mmoja lakini fani tofauti kabisa. Mmoja anasoma sayansi ya nyenzo, yaani mambo ya mawe, chuma, plastiki, kwa nini hiki kinapasuka na kile hakipasuki. Wa pili ni dada anayesoma afya ya akili kidijitali, hizi programu za kwenye simu zinazokuuliza leo moyo wako ukoje. Wa tatu ni mtu wa falsafa ya siasa na huyu ndo watu walikuwa hawamuelewi kabisa, manake hana kifaa, hana fomu, anakaa barazani tu anauliza maswali na kunywa kahawa ya watu. Kazi yangu mimi ilikuwa kuwatembeza vichochoroni, kuwabishia hodi kwenye nyumba za watu, na kutafsiri pale Kiswahili chao cha shule na Kiamu cha wazee vikikataa kukutana. Majina yao siyataji, nitawaita Chokaa, dada Simu na Mwanafalsafa.

Chokaa tulimpeleka kwanza kwa ami yangu Mkomani. Nyumba ya zamani, kuta unene wake unakaribia dhiraa, juu boriti za mkoko, zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, bado zipo ingawa nusu yake zimewekwa chaja na dawa za mbu. Chini ya ukuta wa chumba cha ndani kuna fundi alipiga plasta ya saruji miaka mingi iliyopita, sasa rangi imefura, ukigonga kwa kidole inalia tupu, na sakafuni kumejaa unga mweupe. Chokaa akachuchumaa, akauchota ule unga akaulamba. Akasema, "Chumvi." Ami akacheka sana, akasema hata paka wangu ayua kuwa hiyo ni chumvi, chuo kizima wamekutuma kuya kulamba ukuta?

Lakini maelezo yake yalikuwa mazuri na mimi nimekulia kwenye nyumba hizi sikuwahi kuyasikia yakiwekwa hivo. Jiwe la matumbawe linanyonya maji kutoka ardhini na maji ya kisiwani yana chumvi. Plasta ya chokaa ina vitundu vidogo vidogo, kwa hivo unyevu unapanda na kutoka nje taratibu, chumvi inabaki juu juu, unafagia, yameisha. Ukiziba na saruji, ambayo ni ngumu na vitundu vyake ni vidogo zaidi, maji hayapati pa kutokea, yanapanda juu ya pale ilipoishia plasta, na chumvi inaganda nyuma. Zile chembe zikikua zinasukuma mpaka plasta inabambuka na uso wa jiwe unakuja nayo. Yaani mtu alitoa pesa kuzuia unyevu na alichonunua ni kuufungia ndani.

Ile chokaa yenyewe ya kupaka ni kitu cha ajabu ukiambiwa inavyofanya kazi. Matumbawe ni kalisiamu kaboneti, tanuuni moto ukifika kama nyuzi 900 hewa ya kaboni inatoka, inabaki chokaa hai, ukiimwagia maji inachemka yenyewe bila moto (kila mtoto wa hapa ameshachapwa kwa kuisogelea), halafu ukiipaka ukutani inaanza kuvuta ile ile hewa ya kaboni kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe, polepole, miezi, saa ingine miaka. Saruji hii ya dukani, Portland, mtu wa Leeds kule Uingereza anaitwa Joseph Aspdin aliiandikisha mwaka 1824, na sifa yake kubwa ni haraka. Leo unamimina, baada ya siku chache unapanda juu. Fundi gani anayelipwa kwa siku atakuambia subiri miaka?

Chokaa akatuhadithia na mambo ya Warumi. Kwenye zege lao la zamani kuna vibonge vyeupe vya chokaa, miaka yote wataalamu walisema ni uchanganyaji mbovu. Mwaka 2023 watafiti wa MIT, kile chuo cha teknolojia cha Marekani, na wenzao wakatoa kazi yao kwamba vile vibonge ndo dawa, ufa ukiingia maji kile kibonge kinayeyuka kidogo kinauziba ufa. Walitengeneza zege kwa namna hiyo, wakalipasua makusudi, wakapitisha maji, na ndani ya wiki mbili maji yakawa hayapiti tena. Jamaa alikuwa anaeleza mpaka mikono inatetemeka kwa raha. Fundi mmoja mzee wa Langoni alikuwa amekaa kimya muda wote, akauliza swali moja tu: "Na hao Warumi walikuwa na saruji ya kununua dukani?" Hawakuwa nayo. "Basi hawakuchagua."

Mimi hilo swali nimeondoka nalo.

Manake ami naye alikuwa na lake. Mji wa kale uliwekwa chini ya ulinzi wa makumbusho mwaka 1986, na 2001 UNESCO wakauandika kuwa urithi wa dunia. Kwa hivo ami hawezi kupandisha ghorofa atakavyo, hawezi kubadilisha mbele ya nyumba atakavyo, na akitaka kutengeneza anaambiwa tumia chokaa, jiwe, boriti. Na Chokaa kashathibitisha kisayansi kuwa wako sawa, kwa ukuta ule saruji ni sumu. Lakini fundi anayejua chokaa vizuri ni wa kutafuta, kazi yake ni ya muda mrefu, na muda mrefu ni pesa. Ami akasema, "Mimi mwaka huo nilikuwapo, mtu mzima nina watoto. Hakuna aliyekuya kuniuliza. Ndia hii yapita mzungu apiga picha ukuta wangu, asema mashallah, enda zake. Gharama ni yangu." Anaupenda ukuta wake zaidi ya mtafiti yeyote. Anachosema ni kwamba kukubali kwake hakukuwahi kuwa na thamani kwa mtu yeyote kwa sababu hata angekataa ingekuwa vile vile.

(Kidogo nje ya mada: Chokaa alitaka sana kuiona Flipflopi, ile mashua ya plastiki iliyojengwa hapa hapa Lamu na fundi Ali Skanda na wenzake, ikashushwa 2018, na Januari 2019 ikaenda mpaka Zanzibar. Watu wanaisifia zile sapatu za rangi ubavuni, yeye alikuwa anaulizia mataruma na mkuku, yaani mbavu za chombo na uti wake wa chini. Manake plastiki ile ukilinganisha na mbao nzuri ugumu wake dhidi ya kupinda ni kama moja ya kumi, na ukiibebesha mzigo kwenye jua inalegea kidogo kidogo bila wewe kujua. Kwa hivo huwezi kukopi vipimo vya mbao ukasema yameisha, lazima fundi anenepeshe hapa na pale. Chuo kingeanza na fomula, huku walianza na jicho la fundi. Tuendelee.)

Kazi ya dada Simu ilikuwa ngumu na wala sio kwa sababu ya teknolojia. Programu yake ilikuwa na dodoso la kupima dalili za sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni, linaitwa PHQ-9, liko tangu 2001, linatumika dunia nzima na tafsiri ya Kiswahili ipo. Maswali tisa, kila moja una majibu manne: haijatokea kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, karibu kila siku. Kila jibu lina alama zake kuanzia sifuri mpaka tatu, jumla ya juu kabisa ni 27. Yanauliza raha, huzuni, usingizi, uchovu, hamu ya kula, kujiona umeshindwa, na la tisa linauliza kama umewahi kuwaza kufa au kujiumiza. Na yote yanauliza habari za wiki mbili zilizopita.

Sasa tumekaa na mvuvi mmoja pale karibu na forodha, mtu mzima, mstaarabu, kashakubali kila kitu. Dada Simu akauliza swali la usingizi. Yule bwana akauliza, usingizi wa mai gani? Manake yeye halali kwa saa, analala kwa maji. Kuna siku za bamvua, maji yakijaa na kupwa sana, na kuna siku za maji mafu, yakisogea kidogo tu, kuna usiku yuko kazini mpaka alfajiri analala mchana, na kuna siku hatoki kabisa analala mpaka anachoka kulala. Na hizo wiki mbili za dodoso ukihesabu vizuri ni bamvua moja na maji mafu yake, halafu mzunguko unaanza upya. Kwa hivo jibu lake la kweli lilikuwa yote manne kwa pamoja. Skrini inataka moja. Akamuangalia dada Simu kwa huruma, akabonyeza "siku kadhaa" ili mtoto wa watu amalize kazi yake aende nyumbani.

Na hiyo ilikuwa mara tu baada ya Idi, yaani wiki mbili zenyewe zinazoulizwa zilikuwa za Ramadhani. Hamu ya kula imebadilika? Ndiyo, nilikuwa nimefunga. Usingizi? Tarawehe, daku, alfajiri. Umechoka? Wewe unaonaje? Ukijumlisha alama mtu anatoka mgonjwa na ni mtu yuko salama na Mola wake, pengine kuliko mwezi mwingine wowote. Halafu geuza: njoo Julai kusi limekaza, bahari imechafuka, mashua zimevutwa juu, deni la dukani linaongezeka, uliza maswali hayo hayo, utaandika Lamu yote ina huzuni. Njoo Disemba kaskazi imetulia utaandika watu wako poa. Ni mtu yule yule. Nilimwambia dada Simu andika tarehe ya mwezi mwandamo na hali ya bahari kwenye kila fomu, akaniambia programu haina sehemu hiyo. Akawa anaandika kwa kalamu kwenye daftari lake pembeni na mimi naona lile daftari ndo utafiti, ile programu ni chombo tu cha kulifikia.

Mtu asinielewe vibaya akadhani nasema watu wa huku hawaugui. Wanaugua. Kuna vijana hapa wamezima kabisa, kuna mama anajifungua halafu haonekani kama yupo, na majirani wanasema jini, au jicho la mtu, au uvivu. Na hapo simu ina faida moja kubwa ambayo siwezi kuidharau: siri. Mji huu ukiingia mlango fulani wa hospitali kabla hujatoka habari zimeshafika Langoni zimekunywa chai. Kijana akiwa na simu yake chumbani saa sita ya usiku anaweza kuuliza kitu ambacho hawezi kumuuliza binadamu yeyote anayemjua.

Ila ile programu inadhani kila mtu ana simu yake. Mama mmoja alijibu kwa simu ya mwanawe, manake yake ni ile kabambe ya vitufe. Kajibu vizuri, kamaliza, karudisha simu. Jioni kijana yuko na wenzake, simu ikalia: "Habari! Leo unajisikiaje?" ikataja na lile zoezi la kuondoa huzuni alilochaguliwa mamake. Vijana wakacheka. Dada Simu alilia siku hiyo, kweli alilia, na wala hakuitengeneza yeye ile programu, alikabidhiwa ilivyo.

Lile swali la tisa nalo lina mambo yake. Kenya mpaka juzi tu kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai, kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, na ni Januari 2025 ndo Mahakama Kuu ikasema kifungu hicho kinapingana na katiba. Kuwaza tu hakukuwa kosa, lakini nenda kamueleze hivo mtu aliyeona jirani yake katolewa hospitali kapelekwa kituoni. Wewe unakuja na simu inayorekodi unamuuliza swali hilo, umemueleza majibu yanakwenda wapi? Dada Simu alikuwa anaeleza kwa uaminifu kwamba yanakwenda kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali ya kuhifadhia data, yamefichwa kwa namba. Mzee mmoja akauliza seva ni nani.

Na sio swali la kijinga. Finland kulikuwa na kampuni ya tiba ya mazungumzo, Vastaamo, mwaka 2018 mhalifu akaiba mafaili ya wagonjwa, maelfu kwa maelfu ya watu, yale mambo mtu anamwambia daktari tu, na 2020 akaanza kuwaandikia mmoja mmoja anadai pesa la sivyo ataanika kila kitu. Aliyefanya alifungwa 2024. Finland hiyo. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, nzuri tu, habari za afya zimewekwa kwenye fungu nyeti, na inasema ridhaa iwe ya hiari na mtu aweze kuiondoa. Hiari. Sasa nionyesheni hiari iko wapi kwenye ukurasa wa maneno madogo yenye kitufe kimoja cha rangi ya buluu kimeandikwa NAKUBALI, na kitufe cha pili kinafunga programu.

Halafu kuna hili la programu kufa. Kuna chatboti, yaani programu unayoandikiana nayo kama mtu, ilikuwa maarufu inaitwa Woebot, ilianza 2017, iliwahi kujaribiwa kitaalamu na kusifiwa, watu wakaizoea wakawa wanaiongelesha kila siku, na mwisho wa Juni 2025 ikafungwa. Imekwisha hiyo. Kuzoea mashine sio jambo jipya, tangu 1966 Joseph Weizenbaum wa MIT alipotengeneza ELIZA, programu iliyokuwa inakurudishia maneno yako kwa njia ya swali tu, yeye mwenyewe alishtuka kuona watu wanaifungulia moyo, hata katibu wake aliyeiona ikitengenezwa alimuomba atoke chumbani waongee faragha. Kwa hivo ukiniuliza mimi, kabla ya kumpa kijana wa Lamu rafiki wa kwenye simu, niambie kwanza pesa za mradi zinaisha lini.

Mimi kilichonivutia zaidi kwenye mambo aliyotufundisha dada Simu ni vile visivyo na simu au vyenye simu kidogo. Shamiri, shirika la hapa hapa Kenya, wamechukua vijana waliomaliza fomu four juzi tu, wakawafunza, wakawapa vikundi vya wanafunzi wa sekondari, mikutano minne tu, na jaribio lao la wanafunzi 413 lililochapishwa 2021 lilionyesha huzuni na wasiwasi vimepungua. Na Zimbabwe tangu 2006 daktari Dixon Chibanda na wenzake wamewafunza mabibi, mabibi hasa wa mtaani, wanakaa kwenye benchi nje ya zahanati wanasikiliza watu. Lamu tuna baraza kila nyumba! Ingawa nikaambiwa na dada Simu, baraza zenu ni za wanaume, mwanamke atakaa wapi? Sikuwa na jibu, nikanyamaza.

Sasa Mwanafalsafa. Huyu mwanzo alitupoteza. Alianza na John Rawls, mwanafalsafa Mmarekani, na lile pazia lake la 1971, kwamba mfikirie mnapanga sheria za mji hamjui mtazaliwa nani, mwenye nyumba ya mawe au mpangaji wa kibanda, mwanamke au mwanamume. Wazee wakasema hilo zuri, halafu mmoja akaanza kusinzia. Akajaribu habari za makaa ya mawe na hapo kila mtu akaamka, manake hilo ni letu. Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulikuwa ujengwe Kwasasi huku kwetu Lamu, leseni ikatolewa, watu wa Lamu wakaenda kwenye baraza la mahakama la mazingira, na Juni 2019 leseni ikafutwa. Moja ya sababu kubwa ilikuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, mikutano iliyofanyika ilikuwa ya kuutambulisha mradi wakati ripoti ya athari haijakamilika. Yaani waliitwa kukubali kitu ambacho hakijaandikwa bado. Katiba ya 2010 inataja ushirikishwaji wa wananchi kwenye kifungu cha 10 na kila mzee pale barazani anakijua hicho kifungu kuliko mbunge, na ana hadithi yake ya mkutano alioweka sahihi ya nauli na soda, halafu ile karatasi akaambiwa ilikuwa ya kukubali.

Ndo hapo Mwanafalsafa akaleta ugomvi wa Locke na Hume. Locke, Mwingereza wa karne ya 17, alisema serikali inasimama juu ya ridhaa ya watu, na ukimuuliza mbona mimi sikuwahi kuulizwa, anakuambia umekubali kimyakimya, ukipita tu kwenye barabara za nchi umeshakubali. David Hume, Mskoti, mwaka 1748 akaijibu hoja hiyo: hiyo ni sawa na kumbeba mtu akiwa amelala ukampakia kwenye chombo, akiamka katikati ya bahari unamwambia kukaa kwako humu ni ishara umeukubali uongozi wa nahodha. Na asipokubali? Ajirushe majini.

Watu wa Lamu huwaelezi mfano wa chombo ukaondoka salama. Kulikuwa na nahodha mstaafu pale, kafika Somalia, kafika Pemba na Zanzibar kwa tanga, akauliza huyo bwana Hume alikuwa anasafiri na chombo gani. Mwanafalsafa akasema ni mfano tu ami. Nahodha akasema mfano wenyewe una kasoro. "Kwenye chombo changu mtu akikataa, hatumtupi. Hapati kura ya kugeuza tanga, siwezi kurudi Lamu kwa ajili ya mtu mmoja, upepo haungoji. Lakini ala chakula kama wengine, na bandari ya mbele namshusha, na nauli ya sehemu iliyobaki namrudishia. Nahodha asiyekuwa na bandari ya mbele, huyo ndiye mwizi."

Mwanafalsafa alikaa kimya kwa muda halafu akaandika, mara ya kwanza namuona akiandika. Baadaye tukirudi akaniambia kwamba Odera Oruka, yule profesa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, tangu miaka ya 1970 alikuwa akizunguka vijijini kuwahoji wazee kama hawa, sio kukusanya methali zao bali kubishana nao mmoja mmoja, ili awaonyeshe waliosema Afrika haina wanafalsafa. Nikamwambia basi wewe umechelewa, yule nahodha anabishana bure kila siku baada ya alasiri.

Lakini nilikuwa nimeshaanza kuyapanga kichwani. Sisi tunauliza "je, ulikubali?" na fomu zote za utafiti zimejengwa juu ya swali hilo, weka sahihi hapa, bonyeza hapa. Nahodha anauliza kitu kingine, yule aliyekataa analala wapi usiku huu. Kwa ami na ukuta wake hakuna bandari. Akikataa chokaa anavunja sheria, akikubali anabeba gharama peke yake, kwa hivo kukubali kwake hakupimi kitu. Wangekuwa wanataka ridhaa yake kweli wangeweka fungu la pesa au fundi wa kumsaidia, na hapo ndo ungejua anasemaje. Programu ya dada Simu nayo: ukikataa data yako isiende kwenye seva, hupati hata yale mazoezi ya kupumua, ambayo hayahitaji seva yoyote, yanaweza kukaa ndani ya simu. Huyo ndiye nahodha asiyeshusha mtu. Na mkutano wa makaa ya mawe hakukuwa na kiti cha anayekataa mpaka watu wakaenda kukitafuta mahakamani, miaka, nauli, mawakili.

Kuna mtu atasema utafiti hautaendelea hivo, ukimpa kila mtu mlango wa kutokea sampuli itakwisha. Supavaiza mmoja kwenye simu alisema karibu maneno hayo hayo, nilikuwa nimekaa pale spika iko wazi. Mimi naona kinyume. Yule mvuvi alibonyeza "siku kadhaa" kwa adabu tu, kwa sababu hakuona njia ya heshima ya kusema swali lako halinihusu. Ungempa kitufe cha tano kilichoandikwa "siwezi kujibu hivi" ungepata ukweli, na pengine ungepata hadithi nzima ya maji. Sampuli imebaki kubwa lakini imejaa adabu za watu.

Chokaa ndo aliyekuwa na raha kuliko wote kwenye mambo haya, manake ukuta hauna aibu. Ukiubebesha usichoweza unatema unga mweupe sakafuni, kila mtu anauona.

Basi walishaondoka. Sikutaka kuandika mpaka nijue kilichofuata, na kimefuata kidogo. Dada Simu kaniandikia kwamba wamekubali mazoezi yafunguke hata kwa aliyekataa kutuma data, na zile jumbe za jioni zimeondolewa, zinakuja ukifungua mwenyewe kwa pasiwadi. Kitufe cha tano kimekataliwa, ati dodoso likibadilishwa halilinganishwi na nchi nyingine, na hilo kisayansi wana hoja, ila nimemwambia alete basi daftari lake la bahari na mwezi liwekwe kama kiambatisho. Mwanafalsafa anaandika sura nzima ya bandari ya mbele, nahodha kasema anataka kusomewa kabla haijaenda kwa profesa, kwa Kiswahili, na akiona imeharibiwa atakataa. Chokaa anarudi baada ya kusi na magunia yake. Anataka kubandua saruji ya ami kipande kimoja na kupaka chokaa, kwa pesa za mradi, na vipimo vya unyevu vitasomwa miezi kadhaa. Ami kamuuliza kwenye simu, "Na isipokauka vizuri nani arudisha ukuta wangu?" Chokaa kasema chuo kitarudisha. Ami kasema aandike hilo kwenye barua yenye muhuri, na atume nakala mbili.